Udongo wa Stesheni Zote

Nyumba ya Gadi wameipaka rangi ya krimu. Nianze hapo hapo, maana nikianza kwa upole nitakuwa mnafiki. Wameipaka krimu nje na ndani, wakaweka vigae vinavyong'aa sakafuni, wakapachika dari ya jipsamu yenye vitaa vinavyobadilika rangi, halafu wakapiga picha na kusema mzee sasa amepata nyumba. Amepata. Kana kwamba miaka yote ile alikuwa analala stendi.

Mimi ni jirani yake. Nyumba yangu na yake zinatazamana kwenye kichochoro kimoja hapa Kanyenye, Tabora, na duka langu la nyuzi na vifungo liko mbele, barabarani. Hatuna undugu wa damu. Yeye ni Mnyamwezi wa Kanisa la Moravian, mimi natoka kwa Waarabu waliokuja huku zamani na biashara zao wakasahau kurudi. Lakini nyuzi zote zilizofumwa katika nyumba ile zilipita mkononi mwangu, na kabla yangu zilipita mkononi mwa mama yangu, kwa hiyo kusema nitasema. Atakayechukia achukie.

Tulimwita Gadi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya: mtu wa behewa la mwisho, mwenye bendera na filimbi, ambaye treni haiondoki mpaka aseme. Alistaafu, filimbi ikabaki shingoni. Watoto wakimchokoza mlangoni aliipuliza, na nakwambia hata kuku walisimama. Alikuwa mkali, hilo nisifiche. Ukimwamkia "shikamoo babu" huku unatembea, haitikii. Anataka usimame, useme, usubiri marahaba yako, ndipo uende zako.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Vyumba viwili na sebule, matofali mabichi, bati limeshika kutu. Ukipita haraka hukuiona. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na sijui nyumba nyingine Tabora nzima ambayo msemo huo uliifaa kama ile. Mgeni akiingia mara ya kwanza alinyamaza. Nimewaona wengi, hata wale wa mdomo mrefu, wakisimama katikati ya sebule wakizungusha shingo.

Kilichowanyamazisha ni kuta. Gadi alifanya kazi reli hii ya kati maisha yake yote, na kila stesheni aliposhuka alichota udongo. Si mwingi, mfuko wa sukari mmoja unatosha. Aliutwanga, akauchekecha kwa chandarua kilichochakaa, akauchanganya na majivu, halafu akamimina maji ya mlenda. Ndiyo, mlenda huu huu wa mboga. Ule utelezi wake ndio ulioufanya udongo ushike, usiache vumbi kwenye nguo ya mtu aliyeegemea. Mama yangu alimkuta siku moja anachuja sufuria zima akamuuliza, "Leo nyumba inakula mlenda?" Gadi akamjibu bila kugeuka, "Na ugali itapata, ukileta."

Kisha alipaka kwa mikono, kwa mistari mipana ya kusimama, kutoka chini hadi darini, kila mstari stesheni yake. Na alizipanga kama reli inavyokwenda. Upande wa chumbani ulianza Malongwe, mwekundu. Ikafuata Goweko unaoelekea manjano. Kwenye kona palikuwa Tabora yenyewe, halafu ukuta wa sebule ukashika njia ya magharibi: Usoke wa kahawia wenye chembe chembe, Urambo, Kaliua wa kijivu laini kabisa, na mwisho karibu na mlango wa nje Uvinza, ambao kwa ajili ya chumvi ya kule haukukauka vizuri maisha. Masika ukuta wa Uvinza ulitoa jasho. Yeye alifurahi. Alisema Uvinza inawakumbuka watu wake.

Kila mwaka mvua zikikatika alirudia kazi yote upya. Alivua shati, akapandisha suruali magotini, akafunga mlango na pazia jekundu. Mapazia yake aliyashona kwa bendera za kazini zilizochakaa: jekundu likining'inia mlangoni usibishe hodi, la kijani karibu. Mtaa mzima tuliyajua yale mapazia. Mwinjilisti mmoja mgeni hakuyajua, akaingia siku ya jekundu, akatoka na alama ya kiganja cha Kaliua mgongoni mwa koti jeusi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hakukwambia "kaa." Alikuuliza kwanza, "Kwenu wapi?" Ukisema Urambo, kigoda kinasogezwa kwenye mstari wa Urambo, unaegemea udongo wa kwenu. Ukisema Kaliua, unapelekwa Kaliua. Wanafunzi, wauguzi wageni, wafanyabiashara wa tumbaku, wote waliketishwa makwao. Nimewahi kumwona mama mmoja wa Usoke, amekuja mjini kwa msiba wa mwanawe, ameegemea ukuta ule wa kahawia amefumba macho, na hakuna aliyemsemesha mpaka chai ikapoa.

Mjukuu wa jirani yetu wa kona alioa mwanamke wa Igunga. Gadi akapata taabu, maana treni haipiti Igunga, kule ni barabara tu, mabasi na malori. Alimsumbua kondakta wa basi mpaka akaletewa gunia la ule udongo mweusi wa mbugani. Akaupaka nyuma ya mlango, mstari mwembamba. Bibi harusi alipokuja kuamkia akaketishwa nyuma ya mlango, akaona haya. "Samahani mkwe," Gadi alimwambia, "huu udongo wa basi. Lakini ni wenu."

Sasa niseme habari za nyuzi. Gadi alifuma. Vitambaa vya viti, vya meza, vya redio, vya mitungi, kofia ya taa, kifuniko cha kilindo, lile kopo refu la gome la mti ambalo Wanyamwezi wa zamani waliwekea nafaka na yeye aliligeuza meza ya chai. Alifuma kwa kulabu aliyoitengeneza mwenyewe kwa spoku ya baiskeli. Alijifunzia kazini. "Injini ikifa Malongwe, unakaa kutwa porini," alieleza. "Wenzangu walikunywa. Mimi nilifuma." Alikuja dukani na magwanda yake ya reli, akazigeuza nyuzi mwangani akatafuta kasoro kama mtu anayenunua nyanya, huku wanawake wamejipanga nyuma yake wakikonyezana.

Wanaume wa kahawa ndio waliomsumbua. Mwanamume mzima na kulabu. Siku moja mmoja wao, mtu wa kujikweza sana, akamwita barabarani, "Gadi, nifumie nepi." Gadi akaenda mpaka pale barazani, akasimama. "Hiyo suruali yako nani kashona?" Yule bwana akasema fundi fulani. "Mwanamume?" Mwanamume. "Na alipokupima mapaja ulicheka?" Baraza zima likaangua kicheko, na bwana yule kahawa yake ikapoa kikombeni hajainywa. Nyumbani kwa Gadi mambo yalikuwa hivyo hivyo, kinyume. Mkewe, Mungu amlaze pema, ndiye aliyepanda paa kupigilia misumari, yeye Gadi anamshikia ngazi chini na kumwelekeza vibaya.

Hakuuza kitu. Walikuja watu wa maharusi, walikuja wenye nyumba za wageni, akawafukuza. Alitoa tu, na akikupa umeingia mkataba. Mimi alinipa siku ya ndoa kitambaa cheupe cha meza, kazi ya miezi. Akawa anakuja kukikagua. Akakikuta siku moja chini ya televisheni, kina duara la chai. Aliinua televisheni, mzee wa watu, akakitoa, akakikunja, akakitia mfukoni, akaaga. Kilirudi baada ya Idi, kimefuliwa na kupigwa pasi, na mume wangu ndiye aliyepewa onyo, si mimi.

Tena usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alihubiri kwamba kitu ambacho mkono wa mtu haukukigusa hakina haki ya kuingia nyumbani, na juu ya redio yake paliwekwa mawaridi ya plastiki, mekundu, ya kiwandani kabisa, ndani ya chupa ya bia. Aliyanunua mkewe mnadani. Kila Jumamosi aliyaosha kwa sabuni. Nilipomtania alinijibu kwa hasira, "Hayo yameguswa." Na huko kwa watu alikuwa msumbufu wa kutosha. Akiingia sebuleni kwako ananyoosha mapazia, anageuza viti. Makochi yangu mapya aliyaita ng'ombe waliolala. Akasema, "Utapita wapi, mwanangu, na ng'ombe wamelala njiani?"

Miaka ya karibuni wakaanza kuja vijana wa simu. Sijui nani aliwaambia. Wanatoka Dar, wamevaa miwani ndani ya nyumba, wanasema "hii nyumba kali sana," wanamsogeza mzee kama kigoda. "Babu, shika ile kulabu. Babu, usitutazame." Mmoja alimwambia asitabasamu kwa sababu akitabasamu haonekani mtu wa asili. Nilikuwepo, nimeleta uji. Nikamuuliza kijana yule mama yake anamruhusu vipi kutembea mwenyewe. Gadi akanikataza. Yeye aliwauliza wote lile swali lake, kwenu wapi, na wengi walisema Dar. Udongo wa Dar hakuwa nao, treni yake haikufika huko, kwa hiyo waliachwa wamesimama. Wakadhani ni ushamba. Nilijua kesho yake picha zitasambaa, na watu watasifu ukuta bila kuuliza nani aliupaka.

Na nina sababu yangu ya kuwa na kisirani na mambo haya. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na mlango wa nakshi, mti mgumu, maua na minyororo ya kuchongwa. Wajomba zangu walimpa mtu wa nje aliyeusifu sana, wakaweka geti la chuma lenye picha ya tai. Leo ukipita unaona tai. Sisi watu wa mji huu tuna ugonjwa: chetu tunakionea haya mpaka mgeni akisifu, na akikisifu tunampa aondoke nacho. Kibaya chako si chema cha mwenzako, tunaisema kila siku kisha tunafanya kinyume.

Sasa macho. Gadi alipata presha ya macho, ile inayokula polepole kutoka pembeni. Hakumwambia mtu. Alikuwa fundi wa kuficha. Watu aliwajua kwa sauti na kwa viatu, na dukani akaanza kuniambia nimchagulie rangi mimi kwa kuwa eti amechoka kubishana. Mimi nilijua kwa sababu ya uji. Niliingia nao asubuhi moja nikamkuta anatoka chumbani, mkono wa kushoto uko ukutani, unapapasa. Vidole vilipita Malongwe, vikapita Goweko, kwenye kona vikageuka. Vikafika kwenye chembe chembe za Usoke, akasimama, akainama, akashika birika. Birika lilikaa Usoke. Vidole vikaendelea mpaka vikagusa ule unyevu wa Uvinza, na mkono wa kulia ukashika komeo la mlango wa nje. Hakujikwaa hata kidogo. Nami nikaelewa kwamba mzee huyu haoni tena, na kwamba ndani ya nyumba yake hana shida.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona, babu."

"Basi umeona peke yako. Wanangu wasisumbuliwe."

Lakini haikukaa siri. Alianguka kanisani, binti yake akaambiwa, akaja kutoka Dar. Binti huyu si mtu mbaya. Niliseme hilo kwa haki yake, ingawa sina hamu. Anampenda baba yake. Kila mwezi hakosi kupiga simu, na baba kwake hakuwa yule mkali wa mtaani, alikuwa maji. Gadi huyu aliyewahi kuzuia treni nzima Goweko mpaka mama mjamzito aliyekwenda kujisaidia arudi behewani, mkubwa wa stesheni anafoka na yeye hashushi bendera, huyo huyo hakuweza kumwambia binti yake neno sitaki. Watoto wake walikubaliana apelekwe Mwanza akafanyiwe operesheni ya macho. Kaka mkubwa wa binti akamsindikiza.

Hazikupita siku nyingi, nikasikia nyundo.

Nilivuka kichochoro na kanga moja. Mafundi walikuwa sebuleni wanabandua ukuta. Urambo ilikuwa chini tayari. Kaliua inaanguka mapande mapande, na kijana mwenye toroli anayabeba kwenda kufukia shimo la barabarani. Binti alisimama uani, amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, anawaonyesha mafundi rangi kwenye simu.

"Mnafanya nini?" nikamuuliza.

"Dada, karibu. Tunamfanyia baba sapraizi." Alikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Akirudi akute nyumba ya kisasa. Mimi nimechoka. Kila mtu anaposti nyumba ya baba yangu kama kichuguu cha maajabu. Unajua ofisini wananiulizaje? Wananiuliza kama tulikuwa tunalala na mbuzi."

"Ukuta huu ndio anaotembelea."

"Anatembelea vipi?"

Nikamweleza. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye ukuta uliobaki, nikamwekea vidole juu ya Usoke, nikamwambia hapa birika, pale kona, kule mlango. Alinisikiliza. Kisha akanitazama kwa huruma, kama ninayehitaji operesheni ni mimi.

"Dada, lakini anatibiwa. Ataona. Akirudi atakuwa anaona, hatapapasa tena."

"Daktari kasema ataona?"

"Sasa operesheni ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipojua hakuna aliyeuliza. Operesheni ile ilikuwa ya kuzuia kilichobaki kisiishe, na kwa mzee hakikubaki kitu. Presha ya macho ikishachukua hairudishi. Hawakuuliza, kwa sababu katika kichwa cha watu wetu mtu akipasuliwa jicho anaona, basi, imeisha. Kwa hiyo walikuwa wanamwandalia kipofu nyumba ya kutazama. Nilimwambia ampigie kaka yake. Akasema atapiga, na mafundi wanalipwa kwa siku, na ukuta nusu hauwezi kuachwa nusu. Nyundo hazikusimama.

Nilipogeuka kutoka nikaona fundi wa vigae amepiga magoti, anafuta simenti kwenye maungio. Anafutia kitambaa cha kufuma. Kile cha kahawia na bluu, cha kiti cha mkewe. Pembeni yake kuna kapu limejaa vingine. Nilimnyang'anya, nikanyanyua kapu, na maneno niliyosema sitayaandika hapa kwa kuwa wajukuu zangu wanajua kusoma. Fundi akasema mama kaniambia hayo matambara. Binti akanifuata hadi mlangoni akisema, "Dada, tutanunua mapya, usikasirike." Mapya. Mawaridi ya plastiki nayo sikuyaona tena, na chupa yake.

Siku ya kurudi walikodi mtu wa kamera. Mimi sikwenda, nilitazama kwa simu ya mpwa wangu, maana ilisambaa, na wimbo juu yake. Wanamwongoza mzee mlangoni, amevaa miwani myeusi ya hospitali. Binti anasema, "Baba, tazama." Wote wanapiga vigelegele. Gadi ananyoosha mkono wa kushoto. Unagusa ukuta. Unateleza. Anauteremsha, anaupandisha, unateleza tena, ukuta mzima hauna pa kushika. Anauliza taratibu, "Hapa ni wapi?" Wanacheka, wanasema, "Kwako, baba. Ni kwako." Anaushusha mkono. Halafu anasema, "Asanteni sana wanangu. Mungu awabariki." Binti anamkumbatia anamwaga machozi. Watu wengi wameweka mioyo na makofi chini ya video hiyo. Mimi nilimwambia mpwa wangu airudishe nyuma, nikaitazama ile sehemu ya mkono tu, nikamrudishia simu yake.

Watoto wakarudi kazini. Wakamwekea msichana anayekuja asubuhi kudeki, na vigae vikidekiwa vinateleza, na mzee akaanguka mara mbili katika wiki ya kwanza. Birika limehamishiwa jikoni, la umeme. Makochi wameweka matatu, makubwa, katikati. Vitaa vya dari vinawaka nyekundu, vinakuja kijani, vinarudi nyekundu, usiku kucha, kwa ajili ya nani sijui. Tangu siku hiyo Gadi akawa anakaa ngazini nje tangu kifungua kinywa mpaka magharibi. Mwisho akawa anakaa dukani kwangu.

Tuligombana pale dukani. Nilimwambia, "Mimi nilidhani utapuliza filimbi. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba huoni. Kwamba wamekutoa macho mara ya pili."

"Wangeumia."

"Na wewe?"

"Wamejinyima, mwanangu. Yule mtoto hakununua hata viatu mwaka huu. Ulitaka nimwambie vunja?" Akafungua kiganja, akakifunga. "Mimi nilikaa behewa la mwisho. Vumbi la treni nzima lilinifikia mimi. Nimezoea."

Nilikasirika zaidi. Nilimwambia huo si uungwana, ni woga, na kwamba binti angeumia siku moja akapona, yeye ataumia kila asubuhi akishuka kitandani. Nilijua nimemkosea adabu, na bado naona nilisema kweli. Nilimletea lile kapu, nikamweka kile cha kahawia na bluu mapajani. Alikipapasa mpaka akafika kwenye simenti iliyogandia. Akaanza kuibangua kwa kucha, punje moja moja, mpaka nikafunga duka.

Ndiyo jioni ile ninayotaka kumalizia nayo, na ni juzi tu. Nilimshika mkono tukavuka kichochoro kumrudisha kwake. Msichana wa kudeki alishaondoka tangu adhuhuri. Mlango umefungwa, ufunguo anao mwenyewe mfukoni, niliusikia ukigongana na kulabu yake. Tulipofika ngazini aliniachia mkono. Akajifuta viatu kwenye zulia. Akanyoosha kola ya shati. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake aliyekwenda ugenini, "Hodi."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Babu, fungua tuingie, ufunguo unao."

"Hodi," akasema tena.

"Hakuna mtu ndani. Ni kwako huku."

"Wote mnasema hivyo."

Nikamwomba ufunguo, nitangulie mimi, nimwitikie karibu kutoka ndani, yaishe. Akakataa kwa kichwa. "Ukiitika wewe," akasema, "itakuwa kwako."

Alisubiri. Nami nilisimama naye, nina hasira, na sikuwa na wa kumrushia. Kupitia kioo cha dirisha niliona kochi la kwanza, na ukuta wa krimu ukigeuka mwekundu, kisha kijani. Alibisha mara ya tatu. Sisi tumelelewa hivyo, Mwislamu kwa Mkristo: hodi tatu, usipoitikiwa unaondoka, hugombani na mlango wa watu.

"Wenyewe hawapo," akasema Gadi. Akageuka, akaanza kushuka ngazi kwa kupapasa hewa.